Mashine ya Kumtoa Mama Mkwe Matopeni

Mbele ya mlango wangu hapa Kimanga, mtaa wa Uvira, kuna benchi moja, mguu wake mmoja ni tofali, na juu yake wanakaa wanaume ambao wake zao wanafikiri wako kazini. Minye, yaani mimi, nawauzia kahawa ya tangawizi. Siwaaliki, siwafukuzi. Anayekaa upande wa tofali ni Octave, tunamwita Voltaji, kwa sababu anachajisha simu za watu kwa bamba la jua, na tangu alinunue bamba hilo anaongea sawa na mtu aliyelivumbua jua lenyewe. Wa katikati ni Michée, aliyekuwa konvayeri, utingo wa mabasi ya Bukavu, mpaka mgongo ukakataa. Akitembea anadunda, ndiyo maana jina lake ni Amortisa, ile springi ya gari. Wa tatu ni Modeste, tunamwita Seneta. Hajawahi kuchaguliwa hata kuwa mkubwa wa kwaya, lakini hawezi kusema neno akiwa ameketi, lazima asimame kwanza. Asubuhi moja Bonaventure, mwenye jeep, aliwafuata, na hakuja kupoteza wakati. Alikuja kuomba akili. Kwenye benchi langu akili inatolewa bure, tena bila kupimwa.

Shida yake wengi mnaijua, maana ilipita kwa WhatsApp mpaka ikafika kwa shemeji yangu wa Kalemie. Kwa asiye na simu, nieleze.

Bonaventure alipanda mpaka Lemera, mlimani, kumleta mama mkwe wake, Mama Victoire, aje amwone mjukuu. Mke wake Félicité alikuwemo garini, mtoto mgongoni. Waliposhuka bondeni, akili ikamwambia apitie mashamba ya Luberizi achukue magunia ya mpunga, iwe safari moja. Mvua ilikuwa imenyesha. Félicité akamwambia njia ile haifai. Yeye akajibu kwamba anaijua. Basi jeep ikazama katikati ya mpunga, matope mpaka mlangoni.

Sasa, familia ya Félicité bado inashika sana mambo ya ukwe. Mkwe hamgusi mama mkwe, hamtazami usoni, hamwambii neno ila kwa kinywa cha mtu wa tatu. Na Bonaventure ni mtoto aliyelelewa vizuri. Alishuka, akaenda mbali mpaka kwenye tuta, akageuka, akampa mama mgongo kwa heshima yote. Gari linazama, yeye amesimama. Kadiri mama alivyozidi kushuka, ndivyo naye alivyozidi kumheshimu. Félicité na mtoto mgongoni angewezaje kumbeba mama yake, ambaye ni mama wa kutosha? Mwishowe vijana waliokuwa wakipandikiza mpunga wakaleta kiti cha plastiki, wakamkalisha, wakamwinua mabegani, na kwa kuwa walikuwa wamekwisha mwinua, wakaanza kumwimbia nyimbo za arusi. Mmoja akachukua video. Mama anaonekana juu ya kiti, amekumbatia mkoba wake, na nyuma kabisa, kadogo, unaona mgongo wa mwanaume amesimama wima kama nguzo.

Jeep ilikuja kutolewa kesho yake kwa majembe, lakini siku ileile mama alirudi Lemera, na Félicité akarudi naye, na mtoto. Familia ikakaa kikao. Halafu baba mdogo wa Félicité, Mathieu, akapiga simu: Bonaventure aje Jumamosi amchukue mke wake, lakini aje na gari lenye kujitoa lenyewe matopeni. Kama halijitoi, asijichoshe na mlima. Tangu hapo Bonaventure alikuwa anajipikia. Fufu yake, ugali wa muhogo, nimeiona. Kuku wa jirani waliizunguka, wakaiangalia, wakaenda zao.

Ndiyo ikaja habari ya winchi. Waliosoma Kifaransa wana jina lao, sisi tunafuata watu wa Kigoma. Ni mashine ya umeme inayofungwa puani mwa gari. Ina ngoma na kamba ndefu. Ukizama unabonyeza, kamba inajikunja kwenye ngoma, gari linatoka. Zile za mashirika makubwa hakuna mtu wa Kimanga wa kuzigusa, kwa hiyo Bonaventure alitafuta ya bei ya chini. Sabine, mama mchuuzi, alikuwa tayari pale bandarini Kalundu akingoja boti ya Kigoma, na alikuwa amemtumia picha tatu za winchi za huko. Achague moja kabla boti haijaondoka.

Bonaventure akaiweka simu katikati ya benchi. Macho yalikuwa mekundu, sijui ni usingizi au ni moshi wa ile fufu.

— Munisaidie kuchagua, akasema. Minye nataka tu bibi yangu arudi.

Picha ya kwanza ilikuwa winchi mpya ya Uchina, nyekundu, inametameta, na telekomandi yake ya kubonyezea, na tani za kuvuta zimeandikwa kwenye karatoni kwa namba kubwa kuliko jina lake. Ya pili ilikuwa kuukuu kutoka Dubai, nzito, kamba ya chuma, kutu kidogo. Ya tatu ilikuwa ndogo kama sufuria ya familia changa, na kamba yake ni ya nailoni. Voltaji akaivuta simu kwake kabla wengine hawajaona vizuri.

— Ya kwanza usiiguse. Tani hizo walizipima kule kwa baridi. Zikifika kwa hii joto ya Uvira zinalegea.

— Tani inalegea aje? akauliza Amortisa.

— Weye umeisha kuona siagi ngumu hapa?

Hakuna aliyekuwa ameiona. Nikimsema Voltaji niseme na la haki: alitoa neno moja la kweli, kwamba mashine hiyo inakunywa betri, na wakati wa kuvuta lazima moteri ya gari iwe inazunguka. Angenyamaza hapo, tungemheshimu mpaka leo. Lakini betri moja ikawa mbili, mbili zikawa na bamba la jua juu ya gari, na bamba likaleta friji, na kabla sijamaliza kusuuza vikombe alikuwa anamshauri Bonaventure kwamba akizama tena asihangaike, afungue friji, auzie watu wa mpunga soda za baridi.

Amortisa yeye aliogopa kamba ya chuma. Alisema ikikatika inarudi kama nyoka aliyekanyagwa. Zamani, kwenye barabara ya Bukavu, aliona moja imekata kofia ya mtu kichwani bila kugusa nywele.

— Na mwenye kofia?

— Alinunua ingine.

Kwa hiyo yeye alikuwa wa picha ya tatu, ya nailoni, ndugu ya kamba wanazovutia nyavu za sambaza, dagaa wetu, usiku kucha bila kukatika. Voltaji akamwambia mashine ile ilitengenezwa kuvuta vigari vya kuchezea matajiri, ikiona jeep itaomba msamaha. Amortisa hakushindwa. Akasema basi mashine iachwe, inunuliwe kamba peke yake, ndefu, ifungwe kwa mtumbwi wenye moteri, mtumbwi uvutie kutoka ziwani.

— Kutoka Luberizi mpaka ziwani?

— Nilisema ndefu.

Bonaventure alikuwa anageuza uso kwa kila anayeongea, kama mgonjwa kati ya waganga. Hapo Seneta akasimama. Akasema tangu asubuhi wenzake wanapiga kelele bila hesabu. Huwezi kuchagua nguvu ya kuvuta bila kujua uzito wa kuvutwa. Kwanza gari, halafu magunia, halafu matope yenyewe, maana matope hayakai bure, yanang'ang'ania. Halafu mama mkwe.

— Mama ana kilo ngapi?

— Sijui, Bonaventure akasema. Sijaisha kumuangalia. Heshima.

— Hata kwa video?

— Kwa video minye nimegeuka.

Ni hapo nilipoona kitenge kinakuja upande wa barabara, kitenge cha kijani, kizuri, kimejaa mtu. Niliinama kumimina kahawa. Nilipoinua kichwa, nafasi ya Bonaventure ilikuwa tupu. Nilidhani amekwenda haja. Kumbe amejitupa nyuma ya uzio wangu wa matete, pale ninapowasha moto, amechuchumaa kati ya makaa na ndoo, uso kwenye mikono.

— Koko, akaninong'oneza, kama tunavyoitwa wanawake wazee huku. Ni yeye.

Wale watatu hawakuona kitu. Mama wa watu alifika, akasalimia vizuri, akaomba kahawa, akakaa mwisho wa benchi. Upande wa tofali ukapanda kidogo, na Voltaji akapanda nao. Ningeweza kuwaambia. Lakini mtu akiwa na kahawa ya moto na siku ndefu mbele yake, kwa nini aharakishe mambo?

Seneta alifurahi kupata msikilizaji mpya. Akamweleza mgeni tangu mwanzo, jeep, mpunga, kiti, nyimbo, akaongeza na ngoma ambazo hazikuwepo. Halafu akarudi kwenye hesabu. Mama mkwe huyo, alisema, tunaweza kumpima kwa video. Miguu ya kiti imepinda namna gani, vijana wameinama namna gani. Alifunga jicho moja kama fundi wa ukuta.

— Mama yule hawezi kupungua magunia tatu.

— Ya mupunga ao ya muhogo? akauliza mgeni.

— Ya mupunga, mama.

— Haya, akasema, akanywa.

Minye nilijifunika na kanga, nikakohoa mpaka machozi yakatoka. Nyuma ya matete nilisikia mtu anapiga paji la uso kwenye ndoo, polepole.

Seneta hakuishia hapo. Akasema magunia matatu ni uzito wa mama akiwa ametulia. Lakini siku ile alikuwa amekasirika, na hasira ina kilo. Akatoa mfano: mtoto uliyemzoea, siku akikataa kubebwa, si anakuwa mzito mara mbili? Hapo hata minye nilikubali, maana nimebeba watoto wengi na ni kweli. Basi magunia sita. Voltaji akasema kwa magunia sita winchi moja haitoshi, ziwe mbili, moja mbele, moja nyuma. Amortisa akasema zikivuta pamoja, huku na huku, gari litainuka lenyewe kutoka chini na kuning'inia kama nguo kwenye kamba, na matope yatabaki yanashangaa. Kwa mara ya kwanza tangu niweke benchi hilo, wote watatu walikubaliana. Walipeana mikono. Amortisa aliomba sukari zaidi.

Mgeni akamaliza kikombe chake, akakigeuza kuangalia machicha ya chini.

— Minye sikusoma, akasema. Iyo kamba, kule katikati ya mupunga, mutaifunga ku nini?

Sijui kama mmepita kule. Ni bonde tambarare kama mkeka. Mpunga, maji, nyange wawili watatu weupe, halafu mbingu.

— Ku muti, akasema Amortisa.

— Muti gani?

Amortisa akafumba macho. Nilimwona anaipita barabara yote kichwani, kituo kwa kituo, kama wakati alipokuwa akining'inia mlangoni pa basi. Alipofumbua, alikuwa ameishiwa. Miti yote anayoikumbuka iko kando ya lami, mahali ambapo hakuna anayezama. Voltaji akaanza kusema nguzo ya umeme, akacheka mwenyewe kabla hajamaliza. Seneta, bado amesimama, akasema ng'ombe. Kule Luberizi ng'ombe wako wengi.

— Ng'ombe atakuja, akasema mama. Weye utabonyeza, yeye atakuja.

— Basi gari lingine.

— Lenye limefika pale kwa njia gani?

Wakati huo simu ikalia katikati ya benchi, jina la Sabine. Watatu wale waliitazama kama imetambaa kutoka majanini. Niliipokea minye, benchi ni langu. Kule upande wa pili nilisikia moteri ya boti na Sabine anauliza ni ya kwanza, ya pili ao ya tatu. Nikamwambia angoje, wataalamu bado wanafikiri. Akanijibu neno ambalo mwanamke wa kanisa hapaswi kulijua, akakata, boti ikaenda.

Mgeni akaweka kikombe chini. Hakugeukia matete. Alinigeukia minye, kama desturi inavyotaka.

— Mama, nyuma ya iyo matete yako muko muntu. Muulize mukwe wangu, yeye anasema aje.

Seneta akakaa. Sijawahi kumwona anakaa katikati ya wazo. Voltaji na Amortisa walitazama kitenge cha kijani, wakatazama mkoba juu ya magoti, mkoba uleule wa kwenye video, na kila mmoja akapata kitu cha lazima cha kuangalia ndani ya kikombe chake.

Kati ya mama na mkwe wake kulikuwa na matete na birika langu tu. Mmoja akimeza mate, mwingine anasikia. Lakini neno lazima lipite kwangu, na kazi hiyo naipenda, sifichi. Wanaonijua wanajua kwamba neno likiingia kwangu jembamba halitoki jembamba. Nikaingia nyuma ya matete.

— Anauliza utaifunga ku nini.

— Nimesikia, Koko.

— Najua umesikia. Njo kazi yangu kukuambia.

Mwanaume yule alikuwa na majivu mpaka kwenye kope. Nilimhurumia, nikampa majibu kadhaa ya kuchagua. Aseme ameagiza mashine ya nne, ya siri. Aseme atapanda miti njia nzima. Nilikuwa na moja nzuri sana ya saruji. Akatikisa kichwa kwa yote.

— Mwambie sijui.

— Sijui, basi?

— Sijui nitaifunga wapi. Na ile njia sikuijua. Félicité alinikataza, minye nikajifanya.

Nilianza kulitengeneza neno hilo kichwani. Nilikuwa tayari nimempigisha magoti, nimeweka machozi upande wa kushoto, natafuta mahali pa kuingiza jina la marehemu baba yake, mara birika likafurika juu ya moto. Majivu yakapanda, kahawa yangu inamwagika, sikuwa na mkono wala akili ya kupamba. Nikapaza sauti juu ya matete vilevile kama lilivyokuwa.

— Anasema hajui. Anasema njia hakuijua, Félicité alimukataza.

Nikakimbilia birika.

Nikachungulia benchi. Kicheko cha mama yule kilianzia tumboni, kikapanda polepole, na kila kilipopanda Voltaji naye alipanda na kushuka upande wake wa tofali, kikombe mkononi, anajitahidi asimwage.

— Mwambie, akasema akijifuta macho na ncha ya kitenge, toka siku aliyokuja kuoa, mukwe wangu anajua. Anajua njia, anajua gari, anajua mvua itakatika saa ngapi. Nilijiuliza binti yangu anaishi na muntu ao na redio. Uyu mwenye hajui, leo njo namusikia. Félicité iko ku parking, ndani ya basi la Sange, yeye na mutoto na mabegi. Mathieu alisema Jumamosi, minye nikachoka kungoja mashine. Lakini Félicité alisema hashuki mpaka nikuje nimusikie bwana yake kwanza. Mwambie aende amuchukue.

Niligeuka nimwambie. Alikuwa ameisha simama, anatafuta funguo mifukoni.

— Jeep iko pale mbele, akaanza, dakika kidogo tu ninge...

— Kwa miguu, akasema mama, bila kuningoja minye.

Tatizo likawa kutoka. Njia ya kutoka nyuma ya matete yangu ni moja, na inapita mbele ya benchi, yaani mbele ya magoti ya Mama Victoire. Bonaventure aliitazama njia, akayatazama matete, akautazama ukuta wa nyuma. Ukuta ule unapakana na uwanja wa jirani yangu Anne, na Anne siku hiyo alikuwa anafua. Tulimwona mkwe anapanda, shati limenaswa kwenye vipande vya chupa pale juu, halafu hatukumwona tena. Tulisikia karai. Tulisikia maji. Tulisikia Anne akitaja koo zote za Bonaventure, za baba na za mama. Halafu miguu inakimbia kuelekea parking, ina sabuni, unaisikia inateleza.

Mama Victoire alifumba macho muda wote huo, kwa heshima. Kisha akasimama, upande wa Voltaji ukashuka kwa kishindo, akaniaga vizuri, akamwambia Seneta gunia la tatu alikuwa ameliongeza, akaenda kuwalaki.

Minye niliacha birika, nikatoka mpaka barabarani, mkono juu ya macho. Walikuwa wanarudi. Bonaventure alikuwa pembeni kabisa upande wa kulia, mtoto shingoni, begi kichwani, shati limechanika mgongoni. Mama alikuwa pembeni kabisa upande wa kushoto, na mkoba wake. Félicité alikuwa katikati ya barabara, peke yake, anageuza kichwa huku na huku, anabeba maneno. Pikipiki zikasimama, za kwenda na za kurudi, maana hakukuwa na mahali pa kupita ila katikati ya mazungumzo ya watu. Nilivuta shingo nisikie. Walikuwa mbali. Niliona tu Bonaventure anasema kitu, Félicité anacheka, halafu anageuka kukipeleka kile kicheko upande wa pili.